SOMO: KANUNI ZA ZIWA LETU, NA KWA NINI HAZISHIKI



Mtu akishuka asubuhi kwenye mwalo wowote wa pwani yetu, tangu Kinesi na Mwigobero mpaka Majita, Kibara na Guta, hatakosa kuona sangara wadogo wamepangwa mezani au ndani ya beseni. Kanuni yasema sangara asiyefikia sentimita 50 asivuliwe wala asiuzwe. Chukua rula ya mtoto wa shule yenye sentimita 30, uipime mara moja, kisha uongeze theluthi mbili za rula hiyo. Hapo ndipo samaki halali anapoanzia. Wengi wa wale walio katika beseni hawafiki. Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, na aliyewavua alijua kabla hajawasha injini. Walakini biashara inaendelea, maana bei yao ni nafuu na watoto nyumbani wanangoja mboga.

Somo letu la mara hii ni juu ya jambo hilo. Hatukukusudia kuwakaripia wavuvi. Wamekwisha kukaripiwa vya kutosha, tena na watu wasiojua kupiga kasia. Twataka kuuliza swali ambalo sisi walimu tulizoea kuwauliza vijana wa chuo cha ualimu walipolalamika kwamba darasa halitii: je, kanuni yenyewe ilitungwaje? Nani aliitunga, nani anailinda, na yule anayeitii anapata nini?

Kwanza tuyaelewe maneno, kwa kuwa huchanganywa sana mikutanoni. Sera ni nia ya serikali iliyoandikwa: tunataka kwenda wapi na kwa njia gani. Nchi yetu ilikuwa na Sera ya Mazingira ya mwaka 1997, na baadaye ikaja ya mwaka 2021. Sheria hupitishwa na Bunge, nayo ina adhabu. Kwa mazingira tunayo Sheria Na. 20 ya mwaka 2004, ile inayokataza shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira katika mita 60 toka ukingo wa ziwa au mto. Kwa uvuvi tunayo Sheria Na. 22 ya mwaka 2003. Kanuni hutolewa na waziri ili sheria ifanye kazi, na humo ndimo vipimo vya samaki na nyavu vimo. Mwishoni iko sheria ndogo, ya halmashauri au ya kijiji. Watu wengi huidharau hii ya mwisho kwa sababu ya jina lake, kana kwamba udogo wake ni wa nguvu. Tutairudia.

Ngege na wavu wa inchi tano

Wazee wetu waliwajua ngege. Vijana wa leo wakisikia jina hilo hufikiri ni sato, lakini ngege alikuwa samaki mwingine, wa asili ya ziwa hili, na ndiye aliyelisha pwani zote kabla sangara hajaja. Zamani watu walivua kwa mitego ya matete, mishipi na nyuzi za mimea. Mwaka 1905 nyavu za kutega kutoka Ulaya ziliingia ziwani upande wa Kenya, na kabla ya miaka 25 kupita samaki walikuwa wameanza kupungua katika ghuba ya Kisumu. Serikali za wakoloni zikamwagiza Mwingereza Michael Graham apime hali ya ziwa, naye akafanya kazi hiyo mwaka 1927 na 1928. Shauri lake kubwa lilikuwa kwamba tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5, ili ngege wadogo wapite wakue na kuzaa.

Lilikuwa shauri jema, la mtu aliyepima. Kanuni ikatolewa. Lakini tazameni jinsi ilivyokuwa. Ilitungwa kwa Kiingereza, ikalindwa na maafisa wachache sana katika ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mvuvi hakuulizwa neno. Alichokiona yeye ni kwamba jirani aliyetumia tundu dogo alirudi na samaki, naye mwenye inchi 5 alirudi na wavu mtupu. Kukawa na nyavu za inchi 5 za kumwonyesha afisa, na nyavu nyingine za kuvulia. Katika miaka ya 1950 kanuni hiyo ikaondolewa upande wetu na Uganda, kwa sababu haikuwezekana kuilinda. Nyavu za nailoni nazo zikaingia miaka hiyo hiyo. Ngege hakupona. Leo anapatikana zaidi katika mabwawa na maziwa madogo yaliyo pembeni kuliko katika ziwa lenyewe.

Hapa mwanafunzi atasema: basi kosa ni la wavuvi wakaidi. Sisi hatukubali jibu hilo. Mtu hawezi kumwachia samaki apite leo ili azae kesho, ikiwa ana hakika kwamba samaki huyo atakamatwa na mwenzake kabla jua halijachwa. Anayetii peke yake hupata hasara peke yake. Na hasara ya namna hiyo hakuna mwenye familia atakayeivumilia mwaka mzima.

Sangara akaletwa. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 upande wa Uganda, akitolewa katika maziwa mengine, ili ziwa litoe samaki mkubwa mwenye nyama nyingi. Si kwamba hakuna aliyeonya. Mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 akipinga, kwamba mnyama mla wenzake akishaingizwa hawezi kutolewa tena. Baada ya miaka 20 na kitu sangara alijaa kila mahali, na furu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao kila mtoto wa pwani alijifunzia kuvua kwa ndoano, wakatoweka. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilipotea au zilikaribia kupotea. Kwa upande mwingine fedha ziliingia. Viwanda vikajengwa Musoma na Mwanza, minofu ikaenda Ulaya, mapanki yakabaki kwetu, kayabo ikapelekwa Kongo, na siku hizi bondo la sangara lina bei inayowatoa watu macho. Watoto wengi tuliowafundisha walilipiwa karo na samaki huyu. Kwa hiyo hatuwezi kusema sangara ni laana tu. Twasema uamuzi ule ulikuwa wa watu wachache, na matokeo yake, mazuri na mabaya, yakawa ya mamilioni.

Nani alinde?

Mwaka 1994 mambo mawili yalitukia. Nchi yetu ilipiga marufuku kokoro katika Ziwa Victoria, na tarehe 30 Juni mwaka huo Tanzania, Kenya na Uganda zilitia sahihi huko Kisumu mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Jambo la pili lilihitajika, maana samaki hana pasi ya kusafiria: yapata nusu ya ziwa ni yetu, sehemu kubwa iliyobaki ni ya Uganda, na Kenya ina asilimia 6 hivi.

Juu ya kokoro hatuna haja ya kueleza sana. Ni wavu mrefu unaokokotwa mpaka ufukoni, nao hufagia maji ya kina kifupi, ambamo samaki hutaga na vifaranga hukulia. Zaidi ya miaka 30 imepita tangu ukatazwe. Wasomaji wanaokaa kando ya ziwa wanajua wenyewe kama wamewahi kuuona.

Serikali imejaribu nguvu. Mwaka 2018 ilifanyika Operesheni Sangara. Nyavu haramu zilichomwa moto kwa malundo, na watu walitozwa faini kubwa. Hatukatai kwamba nguvu ina mahali pake. Lakini operesheni ina siku ya kuanza na siku ya kumalizika, na aliyechomewa wavu wa mkopo hurudi ziwani akiwa na deni, naye mwenye deni hununua wavu wa bei ndogo kabisa, yaani timba. Sisi twaona ajabu kwamba moto humfikia mvuvi upesi kuliko umfikiavyo aliyeleta timba hiyo kwa robota.

Njia ya pili ilikuwa kuwapa wavuvi wenyewe ulinzi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi viliundwa kwenye mialo, ambavyo watu wote huviita BMU, na Sheria ya mwaka 2003 ikavitambua. Katika kikundi hicho wamo wenye mitumbwi, wavuvi wanaoajiriwa humo, wachuuzi, na wengine wapatao riziki mwaloni. Kamati yao huchaguliwa na mkutano wa mwalo, na utaratibu wa nchi zote tatu wasema wanawake nao wawemo. Kazi yao ni kuandikisha mitumbwi na wavuvi, kuandika samaki walioletwa, kusimamia usafi, na kufanya doria pamoja na afisa uvuvi.

Mpango huu ni bora kuliko ule wa 1928, wala hatusiti kusema hivyo. Lakini una upungufu, na wanaousema ni wanakamati wenyewe. Hawana mshahara. Mafuta ya doria ni ya kuomba. Wanayepaswa kumkamata usiku ni shemeji, au ni kijana wa tajiri aliyemkopesha mwenyekiti wa kikundi pesa za karo. Fedha za leseni na ushuru hupanda juu, na kinachorudi mwaloni ni kidogo. Tumeona shuleni: ukimpa kiranja kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele bila kumpa ulinzi wala heshima, ama atakuwa adui wa darasa, ama ataandika majina ya wanyonge tu. Kamati ya mwalo nayo ni hivyo hivyo.

Kanuni zisizo na askari

Ziko kanuni ambazo hushika bila askari. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku, zamani karabai na sasa taa za sola, kwa kuwa dagaa huifuata nuru. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina kazi, kwa hiyo watu hupumzika siku kadhaa kila mwezi, hushona nyavu na kwenda nyumbani. Dagaa hupata nafasi. Hakuna anayelalamika kwamba mwenzake anamwibia, maana mwezi huwazuia wote sawasawa. Kwa uzito dagaa sasa ndio wanaovuliwa kwa wingi kuliko sangara, na hatufikiri kwamba mapumziko hayo hayana sehemu katika jambo hilo, ingawa kubwa zaidi ni kwamba dagaa huzaa na kukua upesi.

Vivyo hivyo Butiama kuna msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki waliuheshimu tangu zamani kama makao ya mzimu wa kabila, wala mtu hakukata mti humo ovyo. Hatusemi turudi kwenye mizimu. Twasema tu kwamba miti imesimama huko wakati vilima vingi vya jirani vimekuwa vipara, na kwamba kila mtoto wa mahali pale alijua mpaka wa msitu bila kusoma tangazo.

Na mfano mmoja wa mnunuzi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikataa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilisimama, na bei mialoni ikaporomoka. Mambo yaliyokuwa yakizungumzwa kwa miaka yalifanyika kwa miezi: maabara, ukaguzi, mialo kusafishwa, na wavuvi wenyewe wakawa wakali kwa watia sumu. Ulikuwa wakati mgumu, na walioumia kwanza ni wale wasiokuwa na akiba. Lakini ulionyesha kwamba mlango wa kiwanda ni mwembamba kuliko ziwa, na ni rahisi kusimama mlangoni na rula kuliko kukimbizana na mitumbwi usiku. Shida ya leo ni kwamba sangara wadogo hawapiti mlango wa kiwanda. Wanapita sokoni, kwenye vikaango, mpaka sahani zetu. Mnunuzi ni sisi.

Kipimo chenyewe pia kifikiriwe. Sangara jike wengi huanza kutaga wakiwa wamepita sentimita 50, na yule jike mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Ndiyo sababu kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kumlinda mdogo aliye chini ya 50 na mkubwa aliyepita 85 pia. Mvuvi aliyeambiwa sababu hiyo huielewa mara moja, kama mfugaji anavyoelewa kwa nini mtamba hauchinjwi. Wengi hawakuambiwa. Waliambiwa faini tu.

Mto Mara na neno la kuaminika

Jambo jingine ambalo watunga sera hulisahau ni imani ya watu juu ya vipimo. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, yakatoa harufu, na samaki wakafa kwa wingi upande wa Kirumi. Mto huo hutoka msitu wa Mau huko Kenya, hupita Serengeti, na huingia ziwani kwetu baada ya kupita matete mengi sana. Kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele ikaeleza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza vilimaliza hewa ndani ya maji. Watu walicheka, wakatunga mizaha, wakasema ng'ombe wamekunywa hapo tangu enzi za mababu.

Kwa sayansi jambo hilo linawezekana: uchafu wa namna hiyo ukikusanyika katika maji yaliyotulia, kisha mvua ikausukuma kwa pamoja, samaki hukosa hewa. Lakini maelezo yalimkuta mwananchi ambaye hakuwahi kuona mtu akipima maji ya mto ule, na ambaye alikuwa na mashaka yake mengine juu ya wenye kuuchafua. Kama kila mwezi maji yangepimwa Kirumi na matokeo kubandikwa kwenye ofisi za vijiji, siku ya msiba watu wangekuwa na cha kulinganisha. Kila mwaka tarehe 15 Septemba huadhimishwa Siku ya Mara, Kenya na Tanzania wakipokezana tangu 2012. Sherehe ni njema. Karatasi ya vipimo ukutani ingekuwa njema zaidi.

Gharama ni ya nani?

Kila hifadhi ina anayelipa. Bunda watu wanajua: kata ya Nyatwali ilitakiwa kuhama ili wanyama wa Serengeti wapate kufika maji ya Ghuba ya Speke, na shauri la fidia lilichukua muda na kuleta manung'uniko mengi. Tembo anahitaji maji wakati wa kiangazi. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mtu aliyezika wazazi wake mahali hapo hawezi kuhesabiwa kwa ekari peke yake.

Tukitaka mfano ambao waliojizuia ndio waliofaidi, twende Shinyanga. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili iliwe wakati wa ukame. Desturi ilidhoofika watu walipohamishiwa vijijini, miti ikakatwa, na nchi ikawa kama jangwa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni wataalamu walipeleka miche. Baadaye wakawa na hekima ya kuuliza wenyeji, na ngitili zikarudishwa, za watu binafsi na za vijiji. Katika miaka 18 hivi zilifika zaidi ya hekta 300,000. Aliyefunga ngitili yake alipata majani, kuni, asali na dawa, yeye mwenyewe na si mwingine.

Ziwa haliwezi kugawanywa kama ngitili. Lakini sehemu za mazalio zaweza kuwekwa alama na kijiji kinachozitazama kila siku, na hapa twarudi kwenye sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inaweza kuandika pendekezo: ghuba fulani, toka jiwe fulani mpaka mti fulani, pasivuliwe miezi fulani, faini ni kiasi hiki, nusu ya faini iende kwenye mafuta ya doria. Pendekezo lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukaa kila miezi mitatu, na watu waliseme, walipinge, walirekebishe. Kisha liende halmashauri ya wilaya likubaliwe. Likikubaliwa ni sheria kamili, hata mahakama ya mwanzo huitumia. Kwenye Ziwa Tanganyika nchi nne zilikubaliana kusimamisha uvuvi, na upande wetu ziwa lilifungwa toka 15 Mei hadi 15 Agosti 2024; kijiji kimoja kufunga ghuba moja si jambo la kushindikana. Ila wasisahau kuandika pia watu watakula nini miezi hiyo, na nani kwanza atapewa nafasi katika vizimba vya samaki na mikopo yake, maana bila kifungu hicho sheria itavunjwa wiki ya pili.

Kwa wale watakaosoma somo hili katika vikundi vya mitaa, twaomba wazungumze haya: Mwalo wenu una mazalio gani, na wazee wanayataja kwa jina gani? Mara ya mwisho mkutano mkuu wa kijiji ulikaa lini, na wanawake wanaokausha dagaa walikuwapo? Ni nani katika kamati ya mwalo, na mliwachagua au mliwakuta? Na mtu aende sokoni na rula Jumamosi, apime samaki 20 wa beseni moja kwa ruhusa ya muuzaji, aandike, alete hesabu hiyo kwa wenzake.